Mdukuzi asicheze peke yake: mwongozo kamili wa kanuni za udukuzi katika mchezo wa mezani wa saibapanki

Jumapili ya tatu ya hadithi yetu, tukiwa barazani Nyakato, Mwanza, mdukuzi wa kundi aliingia kwenye mtandao wa adui saa kumi kasorobo. Alitoka saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Muda wote huo nilikuwa naongea na yeye tu: anarusha dadu, namjibu, anarusha tena. Wenzake watatu walivumilia kidogo, wakaondoka kwenda kununua chipsi mayai. Walirudi wawili. Wa tatu alituma ujumbe kwamba amepata lifti ya kwenda Igoma. Sikumlaumu.

Aliyewahi kuendesha mchezo wa saibapanki anaujua ugonjwa huu. Kanuni za udukuzi huandikwa kama mchezo mwingine ndani ya mchezo, una ramani yake, silaha zake na saa yake, halafu mtu mmoja anaucheza na wengine wanamtazama. Hizi ninazoziandika hapa tulizipika wenyewe kwa miezi kadhaa, tukitupa kila kilichomfanya mtu aangalie simu. Zina shabaha moja: mdukuzi awe mahali pamoja na wenzake, katika dakika zile zile, akiwahitaji nao wakimhitaji.

Kwa mgeni kabisa: huu ni mchezo wa kuigiza wahusika. Mtu mmoja ni msimulizi, anaeleza mji na kuwaigiza maadui. Kila mchezaji ana mhusika wake. Dadu zinaamua penye wasiwasi. Saibapanki ni ule mji wa kesho ambako teknolojia imepaa na maisha ya mtu wa chini yamebaki pale pale. Mji wetu ni Mwanza ya mwaka 2085.

Vya kuandaa

Madadu ya pembe nyingi ni shida kuyapata hapa mjini, na hatuyahitaji. Chukua dadu mbili za ludo. Ongeza vizibo sita vya soda, karatasi, na kalamu za rangi mbili. Basi.

Kila mhusika ana namba kati ya 0 na 3 kwenye Udukuzi, Maneno, Mwili na Ufundi. Ukitaka kufanya jambo, rusha dadu mbili, jumlisha, ongeza namba yako. Ukifikia Ugumu uliotajwa, umefaulu. Ugumu wa 7 ni kitu cha dukani, 9 ni ofisi inayojiheshimu, 11 ni benki au jeshi.

Kabla ya kupanga Ugumu, msimulizi aielewe hesabu ya dadu mbili, maana inadanganya jicho. Mdukuzi mwenye Udukuzi wa 2 anaishinda 7 mara 30 kati ya 36, yaani asilimia 83. Anaishinda 9 kwa asilimia 58. Ikifika 11 anabaki na asilimia 28. Kutoka 7 hadi 9 ni hatua mbili tu kwenye karatasi, lakini mezani ni kama kutoka barabara ya lami kuingia kwenye mawe ya Mabatini. Usiweke vituo viwili vya 11 katika mtandao mmoja, labda kama unataka wachezaji wako washindwe na wakuchukie.

Hatua ya kwanza: chora mtandao kama unachora nyumba

Chora duara kwa kila kituo. Kituo ni kitu kimoja chenye kazi moja: ruta (kifaa kinachogawa mtandao), kamera, kompyuta ya mhasibu, kufuli la mlango, mizani. Vinne vinatosha, sita ni vingi. Unganisha kwa mistari vile vinavyoongea. Ndani ya kila duara andika Ugumu na jambo moja ambalo mtu anaweza kulifanya humo. Ukikosa jambo la kuandika, futa duara.

Mistari ndiyo yenye utamu. Mtandao ambao kila kituo kimeunganishwa na kila kingine hauna hadithi. Ni sawa na nyumba ya chumba kimoja. Mdukuzi anayelazimika kupita kwa mhasibu ili alifikie jokofu anajiuliza maswali mazuri: mhasibu yuko ofisini saa hizi? Akiwepo, ataona kishale kinatembea chenyewe?

Acha kituo kimoja bila mstari wowote. Mambo ya namna hii yapo katika dunia ya kweli: mitambo nyeti huwekwa kwenye mtandao usiogusa nje kabisa. Hata hivyo haiko salama. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliifikia mitambo ya kurutubisha urani ya Natanz nchini Iran, na njia yake kubwa ya kusambaa ilikuwa flashi za kuchomeka kwenye kompyuta. Kwa hiyo kituo kisicho na mstari kina kanuni moja: lazima mtu aende kwa miguu yake na flashi mkononi. Hapo ndipo mbabe wa kundi, ambaye hajui hata kuwasha kompyuta, anapata kazi ya udukuzi.

Hatua ya pili: amua mdukuzi amesimama wapi

Hapa ndipo kanuni nyingi zinapolegea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kuna njia tatu za kuingia. Ya kwanza ni waya: umegusa kifaa chenyewe, unapata nyongeza ya 1. Ya pili ni waifai: uko ndani ya mita 50, hakuna nyongeza wala punguzo. Ya tatu ni kutoka mbali: uko kitandani kwako Pasiansi, unaingilia kiwanda cha Kirumba. Hiyo inapunguza 2, inafaa tu kwa kituo kilichoandikwa kwamba kinagusa nje, na msimulizi anaruhusiwa mara moja kwa kila kikao kutangaza kwamba mkongo umekatika. Mchezaji akilalamika, mkumbushe tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikaanza kutambaa. Mwaka 2085 tutakuwa na magari yanayoruka, lakini waya chini ya bahari bado utakuwa ni waya chini ya bahari.

Sasa tumia mji ulio nao. Mwanza ni mawe. Mawimbi ya waifai hayapendi mwamba wa matale, nasi tuna miamba mikubwa kuliko nyumba zilizojengwa juu yake. Kanuni: mwamba ukiwa kati yako na ruta, punguza 2. Mlimani hii inageuza kila kona kuwa uamuzi. Mdukuzi anataka kujificha nyuma ya jiwe ili asionekane. Jiwe lile lile linamnyima mtandao. Mwenzake mwenye Ufundi anaweza kupanda juu na kutega antena ya kurushia, Ugumu 8, na punguzo likaisha, ila sasa kuna mtu juu ya jiwe, na mlinzi ana macho.

Halafu kuna maji. Mwaka 2018 Microsoft ilizamisha kontena lenye seva 864 baharini karibu na visiwa vya Orkney, Scotland, likapozwa na maji yanayolizunguka, na mwaka 2020 ikalitoa. Kwetu nilichukua wazo hilo nikalileta nyumbani: mwaka 2085 makampuni makubwa yamezika seva zao chini ya Ziwa Victoria, ambalo pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Waifai haipenyi maji kwa umbali wa maana. Kwa hiyo seva ya ziwani haiingiliki isipokuwa mtu ameshuka na waya mkononi, au ameukamata mkongo unapopandia ufukweni. Kanuni hii moja imenipa vikao vinne.

Na boti inayomshusha itafichwaje? Wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza ziwa linajaa taa mpaka linafanana na mji wa pili. Boti moja zaidi yenye taa haishtui mtu. Lakini dagaa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu. Wachezaji wangu walipanga kila kitu kwa umakini, wakahesabu walinzi, wakanunua mitungi ya hewa, wakasahau kuniuliza mwezi uko wapi. Walijikuta peke yao katikati ya maji meupe. Ukitumia mtego huu, watajie tarehe mapema na uwaachie wenyewe wakumbuke. Ukiwaficha taarifa, hapo ni uonevu.

Hatua ya tatu: vyeo na matendo

Ndani ya kituo una cheo. Mgeni anaona. Mfanyakazi anatumia. Bosi anabadilisha chochote na anaweza kuwafukuza wengine. Mtu aingiapo huanza kuwa Mgeni.

Muda unaenda kwa mizunguko ya kama sekunde kumi. Katika mzunguko mmoja kila mchezaji ana tendo moja: anayepiga ngumi ana moja, anayeongea na askari ana moja, na mdukuzi ana moja. Nairudia kwa sababu ndiyo nguzo ya nyumba. Ukimpa mdukuzi matendo matano kwa sababu eti kompyuta ni za haraka, umerudi kwenye chipsi mayai.

Matendo ya mdukuzi ni haya:

Kuchungulia: unaona mistari ya kituo ulichomo na kilichoko upande wa pili. Ugumu wa kituo ukitoa 2.

Kufungua: unaingia kituo kipya kilichounganishwa. Kurudi kwenye ulichokwisha kukifungua ni bure.

Kupanda cheo: hatua moja juu, Mgeni hadi Mfanyakazi, Mfanyakazi hadi Bosi.

Kuchota: unanakili data. Inahitaji Mfanyakazi. Faili kubwa, kama video ya mwezi mzima, inataka mizunguko mitatu.

Kugeuza: unabadilisha kitu, uwe umefungua kufuli, umegandisha kamera au umerekebisha hesabu. Inahitaji Mfanyakazi, na hata ukifaulu inaongeza Kelele 1 (Kelele ni kipimo cha jinsi mfumo unavyokushtukia, tutaiona hatua ya nne).

Kufuta nyayo: unapunguza Kelele 1.

Kuchomoa: unatoka. Hauhitaji dadu. Unafaulu daima. Mdukuzi anayeogopa asizuiwe kukimbia. Woga ni haki yake.

Kila tendo linaweza kufanywa kwa namna tatu. Kawaida. Kwa kunyemelea: linakula mizunguko miwili, unaongeza 2. Kwa pupa: unafanya matendo mawili ndani ya mzunguko mmoja, kila moja ukitoa 2, na Kelele inapanda 1 kabla hujarusha. Pupa ndiyo inayotengeneza hadithi za kusimuliwa wiki nzima. Usiiondoe.

Nywila ya kweli, iliyopatikana kwa mtu, haili tendo wala dadu. Unaingia moja kwa moja kama Mfanyakazi, bila Kelele. Zingatia hilo, nitalirudia.

Na kuna vifaa vyenye nywila ya kiwandani, ile ambayo mnunuzi hakuibadilisha. Mwaka 2016 programu haramu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zaidi kidogo ya 60. Hakuna uchawi mle. Kwetu, kamera ya bei rahisi ina Ugumu wa 7 na anayeifungua anaanza kuwa Mfanyakazi papo hapo.

Hatua ya nne: Kelele

Weka vizibo sita katikati ya meza, vimelala kifudifudi. Kelele ikipanda, geuza kimoja. Wote waone. Nilijaribu kuificha Kelele nyuma ya daftari langu na ikawa kosa, kizibo kinachogeuka mbele ya macho kinamfanya mpiga ngumi amwambie mdukuzi, "Wewe, toka basi!"

Ukikosa tendo, Kelele 1. Ukikosa kwa tofauti ya 3 au zaidi, Kelele 2.

Vizibo viwili: mfumo umeshtuka, Ugumu wote unaongezeka 1. Vizibo vinne: Mlinzi anaamka. Huyu ni programu, si askari. Msimulizi anamweka kwenye kituo anachokitaka, na mwisho wa kila mzunguko anasogea mstari mmoja kumfuata mdukuzi. Mkikutana, au ukitaka kumpita, kila mmoja anarusha dadu mbili. Wewe unaongeza Udukuzi, yeye anaongeza Nguvu yake, 1 hadi 3. Akishinda, unashuka cheo. Kama ulikuwa Mgeni, unatupwa nje. Mkifungana, yeye anabaki alipo na wewe unapita. Vizibo sita: mfumo unajifunga na unajua umesimama wapi. Walinzi wenye miguu wanafika baada ya mizunguko mitatu.

Kufuta nyayo hakushushi Kelele chini ya ngazi uliyokwisha kuivuka. Mlinzi akishaamka, halali tena usiku huo.

Zamani tulikuwa pia na hesabu ya joto la kipandikizi cha kichwani, ubongo unaungua taratibu, mambo ya kutisha. Tuliitupa katika kikao cha pili. Hakuna anayeweza kuhesabu vitu viwili na huku anamenya karanga.

Hatua ya tano: mitego, kwa kiasi

Kituo cha uongo kinachovutia ni ulinzi wa kweli unaotumika hata leo: unaweka seva yenye jina tamu, haina kazi yoyote, na anayeigusa amejitangaza. Kimoja kwa kila mitandao mitatu kinatosha. Anayechungulia kwa kunyemelea akifaulu, mwambie ukweli: "Hiki kinanuka." Wasiochungulia, geuza vizibo viwili na unyamaze.

Umeme nao ni mtego wa pande mbili. Ukikatwa, kamera zisizo na betri zinakufa hapo hapo, jenereta inashika baada ya mizunguko miwili, na makufuli yanagawanyika. Kufuli la sumaku linashikilia kwa nguvu ya umeme, likikosa linaachia. Kuna mengine yaliyotengenezwa yabaki yamefunga. Msimulizi aandike mapema lipi ni lipi, asibuni papo kwa papo kwa kumwonea mchezaji huruma au hasira.

Hatua ya sita: watu ni milango

Mtanzania gani hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Aliyeutuma hakuvunja ukuta wowote wa kompyuta. Alirusha maneno kwa watu elfu, akamngoja mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa anasubiri kutuma hela. Huo ni udukuzi, na ni kazi ya mhusika mwenye Maneno.

Kanuni: anayempigia mfanyakazi simu na kupata nywila anarusha Maneno dhidi ya Ugumu wa mtu. Mtu aliyechoka au mgeni kazini, 7. Mtu wa kawaida, 9. Mkuu wa ulinzi, 11. Lakini kabla ya dadu mchezaji aigize simu yenyewe. Akitaja jambo la kweli alilolichungulia mdukuzi, jina la msimamizi, namba ya lori, zamu ya usiku, ongeza 2. Hapo wawili wanalishana: mmoja anachimba taarifa, mwingine anaigeuza kuwa sauti.

Kikao kimoja, kwa ukaribu

Kiwanda cha kubuni cha minofu, jirani na mwalo wa Kirumba. Ndani kuna kontena la mabondo ya sangara, yale matumbo ya hewa yanayosafirishwa hadi China na ambayo kilo yake inaacha mbali kilo ya mnofu. Kundi linataka lori lielekezwe geti la pili, ambako gari lao linangoja.

Mtandao: ruta (7) imeunganishwa na kamera (7, nywila ya kiwandani) na ofisi ya usafirishaji (9). Ofisi imeunganishwa na jokofu (10). Mizani haina mstari. Mlinzi ana Nguvu ya 2.

Waya, mdukuzi mwenye Udukuzi wa 2, yuko kwenye boti ya Nahodha chini ya gati, mita 40. Sato, mbabe, yuko ukutani. Mama Kijora yuko ng'ambo ya barabara, ana simu.

Mzunguko wa 1. Waya anafungua ruta. Dadu 3 na 2, na 2 yake: 7. Ameingia kwa kukwaruza.

Mzunguko wa 2. Anachungulia, Ugumu 5. Dadu 4 na 1, jumla 7. Anaiona kamera, anaiona ofisi, na jina la karani wa zamu liko kwenye orodha. Anamnong'oneza Mama Kijora jina hilo. Sato anapanda ukuta.

Mzunguko wa 3. Anafungua kamera: 1 na 2, jumla 5. Amekosa kwa mbili. Kizibo kimoja. Sato yuko juu ya ukuta na kamera inageuka taratibu kumwelekea.

Mzunguko wa 4. "Kwa pupa," anasema Waya, kabla sijamuuliza. Kizibo cha pili kinageuka, Ugumu sasa ni 8. Kufungua: 6 na 4, ongeza 2, toa 2: 10. Ndani, tena ni Mfanyakazi. Kugeuza: 2 na 2, jumla 4. Amekosa kwa nne. Vizibo viwili zaidi. Vimekuwa vinne, na meza nzima ikaguna. Namweka Mlinzi ofisini.

Mzunguko wa 5. Sato analala kifudifudi juu ya ukuta, Mwili dhidi ya 8, anafaulu, hajaonekana bado. Waya anageuza kamera tena: 5 na 3, jumla 10. Picha imeganda. Kugeuza kunadai Kelele yake: vizibo vitano. Mlinzi anasogea hadi kwenye ruta, kati ya Waya na ofisi.

Mzunguko wa 6. Mama Kijora anapiga simu. Mchezaji wake, dada mpole wa Buzuruga ambaye mezani huwa haongei sana, akabadilika sauti kabisa: "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu wa usiku, ni huku kwa mafundi wa mtandao, naona akaunti yako inataka kufungwa..." Akataja jina la karani. Ugumu 9, nyongeza ya 2. Dadu 3 na 2, Maneno 3, jumla 10. Karani akasoma nywila herufi kwa herufi.

Waya lazima ampite Mlinzi: 6 na 1 na 2 yake, 9. Mlinzi: 3 na 3 na 2, 8. Amepita. Nywila inamfungulia ofisi bila dadu. Anageuza agizo la lori, Ugumu 10: 5 na 4 na 2, jumla 11. Lori linapokea geti la pili. Kizibo cha sita kinageuka.

Mizunguko mitatu hadi walinzi wafike gatini. Kuanzia hapo dadu zilihama mikononi mwa Nahodha, na injini ya boti ikagoma mara ya kwanza.

Hesabu mwenyewe: Waya alirusha dadu mara nane katika mizunguko sita, na kila mwenzake alipata kazi yake. Kwa saa ya ukutani tulitumia dakika 25.

Maswali ninayoulizwa sana

Je, wadukuzi wawili? Inawezekana, kila mmoja na tendo lake, lakini Kelele ni moja. Watagombana. Ni vizuri.

Je, lazima nijue kompyuta? Hapana, ila maneno machache ya kweli yanapendeza. Mlango namba 443 ndio unaopitisha kurasa salama za wavuti, namba 22 ndio ambao mafundi huingilia seva wakiwa mbali. Sema "mlango 22 umeachwa wazi" na mchezaji anayefahamu atatabasamu. Usihutubie.

Mchezaji akisema anataka kujaribu kweli kwenye waifai ya jirani? Mwambie Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina kipengele cha "nilikuwa naigiza". Meza ni meza.

Baada ya kikao

Mdukuzi aliyefika cheo cha Bosi kwenye kituo chochote na akachomoa Kelele ikiwa chini ya vizibo vinne anaweza kuacha mlango wa nyuma. Andika kituo hicho kwenye kikaratasi, mpe akitunze. Mwanzo wa kila kikao kinachofuata msimulizi anarusha dadu moja. Ikitoka 2 hadi 6, mlango bado uko wazi na mdukuzi anaweza kuingia kutoka mbali bila punguzo. Ikitoka 1, mtu ameugundua, na mdukuzi haambiwi: kikaratasi kinabaki mkononi mwake, ila msimulizi ameandika pembeni ya daftari kwamba safari ijayo kituo hicho ni mtego. Ili asijue, dadu hiyo airushe msimulizi nyuma ya kitabu, na airushe kila mara, hata kama mlango ulikwisha kufa wiki tatu zilizopita.